Taa ya oili inawaka: chunguza haya kabla hujashusha pampu

Gari linaletwa gereji taa nyekundu ya oili ikiwa inawaka, na hukumu imeshatolewa njiani: "Pampu imekufa." Mara nyingi pampu ni nzima. Kwenye injini za Toyota tunazokutana nazo kila siku, yaani 5A na 4A za Corolla 110, na NZ za Probox, Fielder, Ist na Vitz, pampu ya oili inaishi ndani ya oili muda wote, kwa hiyo huchakaa taratibu kuliko karibu kila kitu kinachoizunguka. Inachouawa nacho ni uchafu. Inachosingiziwa nacho ni oili pungufu, swichi ya bei ya chipsi mayai, au beringi zilizolegea.

Kushusha pampu ni kazi ya siku nzima, na kwenye NZ ni zaidi ya hapo. Ndiyo maana mwongozo huu unaanza na vitu vya dakika kumi, na spana kubwa zinakuja mwishoni.

Jambo moja la kuelewa kwanza

Pampu hizi zina rotor mbili, ya ndani na ya nje. Ya ndani inazungushwa moja kwa moja na krenki (mhimili mkuu wa injini), na ina jino moja pungufu kuliko ya nje. Zinapozunguka, nafasi kati ya meno hupanuka upande mmoja na kuvuta oili kutoka kwenye sampu (karai la oili chini ya injini) kupitia straina (wavu wa kuchuja kwenye mdomo wa kuvutia oili), kisha hubana upande wa pili na kuisukuma kwenda kwenye filta, halafu kwenye beringi za meni (zinazoshika krenki), bigendi (zinazoshika mikono ya pistoni kwenye krenki) na kemshafti (mhimili unaofungua valvu).

Pampu inasukuma oili tu. Presha inapatikana kwa sababu oili inalazimishwa kupita kwenye vinafasi vyembamba vya beringi. Vinafasi hivyo vikipanuka kwa kulika, oili inapita kirahisi na presha inashuka hata pampu ikiwa mpya kutoka kwenye boksi. Wanaobadilisha pampu mara mbili bila kupata nafuu, wengi wao hili ndilo limewapita.

Vipimo vya kuanzia, dalili yoyote iwayo

*Dipstiki.* Egesha pa tambarare, zima injini, subiri dakika tano, futa, chomeka, chomoa, soma. Harufu ya petroli ina maana oili imechanganyika na mafuta na imekuwa nyepesi. Rangi ya chai ya maziwa ina maana maji yameingia, na hapo kesi imehamia kwenye gasketi ya silinda hedi, usiendelee kuwasha. NZ hubeba kama lita 3.7 ukibadilisha na filta, 5A kama lita 3. Injini ndogo kama hizi zikipungukiwa lita moja zimepungukiwa na kitu kikubwa.

*Taa yenyewe.* Washa swichi ya gari bila kupiga stata: taa lazima iwake. Kama haiwaki, umekuwa ukiendesha bila ulinzi. Kisha, injini ikiwa imezimwa na ufunguo ukiwa kwenye ON, chomoa waya wa swichi ya oili (ile inayowasha taa presha ikishuka) kwenye bloku, yaani mwili wa injini. Taa inatakiwa izime. Ikibaki inawaka, waya umechubuka na kugusa bodi mahali fulani, na pampu haihusiki kabisa. Ukikuta oili imejaa ndani ya soketi ya waya, swichi imetoboka ndani; badilisha hiyo kwanza.

*Geji ya presha.* Hiki ndicho kipimo kinachomaliza ubishi. Fungua swichi ya oili, funga geji ya mkono mahali pake (Toyota hizi hutumia uzi mwembamba wa 1/8 wenye kusinyaa kuelekea ncha, basi usilazimishe uzi mwingine), washa, na acha injini ichemke mpaka feni ya rejeta iingie. Usisome presha ya injini baridi ukatangaza ushindi. Oili baridi ni nzito na inadanganya.

Injini ikiwa ya moto na iko sailensi (inazunguka bila kukanyagwa mafuta), vitabu vya injini ndogo za Toyota vinataka kitu kidogo sana: kilo 0.3 hadi 0.5 kwa sentimita ya mraba au zaidi, sawa na PSI 4 hadi 7. Ukipandisha hadi mizunguko 3000 kwa dakika, 4A na 5A zinatakiwa kuwa kati ya kilo 2.5 na 5, yaani PSI 36 hadi 71. NZ inaanzia chini zaidi, kama kilo 1.5. Nimeona watu wakisoma PSI 10 kwenye sailensi wakaogopa na kufungua injini iliyokuwa salama. Soma namba za injini yako, usitumie za lori la jirani.

Kumbuka pia kuwa swichi ya taa huwa inawaka presha ikishuka chini ya kama kilo 0.3. Taa ya oili haikuonyi mapema. Ikiwaka kweli, presha imeshakaribia sifuri.

Dalili: taa inapepesa injini ikiwa ya moto na iko sailensi, ukikanyaga mafuta inazima

Hii ndiyo inayoletwa zaidi, hasa na gari za abiria ambazo hazipumziki. Sababu, kuanzia inayoonekana mara nyingi:

1. Oili pungufu, au iliyopitiliza muda wake, au ya kupima kutoka kwenye pipa ambayo hakuna anayejua namba yake. Badilisha oili na filta, weka namba inayotakiwa, kisha pima tena.
2. Swichi mbovu. Kama geji inasoma vizuri na taa bado inapepesa, kesi imefungwa.
3. Filta ya hovyo. Filta feki hukunja karatasi yake ndani au huziba mapema.
4. Beringi za meni na bigendi zimelika. Gari limekwenda kilomita nyingi, au liliwahi kuchemsha, au liliwahi kukauka oili.
5. Valvu ya kupunguza presha (iliyo ndani ya pampu, inayoachia oili presha ikizidi) imekwama ikiwa wazi kidogo kwa takataka.
6. Rotor za pampu au kava lake zimelika.

Angalia pampu iko wapi kwenye orodha.

Tazama mwenendo wa mshale wa geji, unasema mengi. Presha ikiwa nzuri injini baridi, ikashuka taratibu kadiri joto linavyopanda, lakini inapanda kila ukipiga resi, hapo pana kulika: beringi, au pampu, au vyote. Presha ikiwa nzuri kwenye sailensi halafu inaanguka ukipandisha mizunguko, au mshale unatetemeka, pampu inakosa oili ya kuvuta: straina imeziba au gasketi ya straina inavuta hewa. Presha ikiwa chini muda wote, baridi na moto, bila kubadilika sana, fikiria valvu iliyokwama.

Kuna dawa maarufu ya kuweka 20W-50 au oili namba 40 ili taa izime. Kwenye 5A iliyochoka inaweza kukusogeza wiki kadhaa, na sitamlaumu mtu anayetafuta hela ya ovahoo, yaani kufungua injini na kuikarabati yote. Lakini ijue kwa jina lake: umeficha dalili. Kwenye NZ yenye VVT-i ni mbaya zaidi, kwa sababu oili hiyohiyo ndiyo inayosukuma kifaa cha kubadilisha muda wa kemshafti. Oili nzito au chafu huchelewesha kazi hiyo, na taa ya injini inawaka na namba ya hitilafu P1349. Kabla hujanunua valvu ya VVT-i, badilisha oili na safisha kichujio chake kidogo kwenye silinda hedi.

Dalili: taa imewaka ghafla njiani na haizimi

Zima injini sasa. Siyo ukifika kituoni, wala mbele kwenye kivuli. Kila dakika unayoendesha hapa inaweza kugeuza kazi ya sampu kuwa kazi ya krenki.

Ukishaegesha, angalia dipstiki, kisha inama uangalie chini. Mara nyingi utakuta oili imemwagika: bolti ya sampu imedondoka, filta imelegea, au raba ya filta ya zamani ilibaki kwenye bloku na mpya ikafungwa juu yake. Raba mbili hushika mwanzoni, halafu presha ikipanda zinatapika oili yote.

Oili ikiwa imejaa na taa bado inawaka, tazama sampu. Ilipigwa na jiwe au ilikwaruza tuta? Sampu iliyobonyea kuelekea juu inaweza kugusa mdomo wa straina na kuuziba, ingawa haivuji hata tone. Hili hufichika kwa sababu gari liliendelea kwenda vizuri baada ya kupigwa, halafu likaanza kulalamika kwenye mwendo wa kasi.

Kilichobaki baada ya hapo ni straina iliyoziba kabisa, valvu iliyokwama au rotor iliyovunjika. Usiwashe tena "kujaribu tu". Livute hadi gereji. Kama ni otomatiki, magurudumu ya mbele yainuliwe.

Dalili: taa inawaka kwenye kona, kwenye breki au mlimani

Oili ni pungufu. Ongeza. Kama kiwango ni sahihi na bado inatokea, angalia sampu iliyobonyea au straina iliyolegea.

Dalili: kelele

*Tik-tik juu ya injini asubuhi, sekunde mbili tatu, halafu kimya.* Filta imeruhusu oili yote kushuka usiku. Filta nzuri ina raba ndani inayozuia hilo. Badilisha filta kabla ya kufikiria kingine.

*Mkwaruzo wa cheni upande wa mikanda unapowasha NZ.* Kikaza cheni kinasukumwa na presha ya oili. Ikichelewa kufika, cheni inapiga kava. Kelele ikiisha mara moja, anza na oili na filta. Ikidumu, cheni na kikaza chake vimechoka, na vipande vya plastiki vya njia ya cheni huenda vimeshaangukia kwenye sampu na kutafuta straina.

*Gogogo nzito kutoka chini, inayoongezeka ukipiga resi.* Hiyo ni bigendi. Injini imenoki au iko njiani kunoki. Acha hapa. Pampu mpya haitaokoa beringi iliyokwisha, na kila mzunguko unakula krenki. Mwite fundi wa kufungua injini, na hesabu mashine ya kusaga krenki kwenye bajeti.

*Mlio mwembamba wa kulia unaofuata mizunguko ya injini.* Pampu inaweza kulia hivi ikivuta hewa. Lakini mikanda, alternata na pampu ya maji hulia hivyohivyo na ni rahisi kuzikagua. Toa mkanda wa nje, washa kwa sekunde chache, sikiliza.

Dalili: presha kubwa mno

Hii ni nadra. Filta inavimba, au raba yake inatoka nje, au sili zinaanza kuvuja zote kwa wakati mmoja. Kwanza ni oili nzito kwenye injini baridi. Pili ni valvu ya kupunguza presha iliyokwama ikiwa imefungwa. Watu hufurahia presha kubwa kana kwamba ni afya. Ikipita kiwango cha kitabu injini ikiwa ya moto, ni ugonjwa kama ile ndogo.

Dalili: oili inavuja nyuma ya puli ya krenki

Sili ya mbele ya krenki imekaa ndani ya mwili wa pampu kwenye 5A, na ndani ya kava la cheni kwenye NZ. Uvujaji huu kwa kawaida ni sili tu, ambayo hubadilishwa bila kushusha pampu. Safisha eneo lote kwa brashi na petroli kidogo injini ikiwa baridi, pangusa, endesha kidogo, kisha tazama kwa tochi oili inaanzia wapi. Ikianzia juu, ni gasketi ya tapeti kava (kifuniko cha juu ya injini) inayotiririka. Ikianzia kwenye maungio ya mwili wa pampu na bloku, ndiyo gasketi ya pampu, na hapo lazima ishuke. Kwenye 5A usiache uvujaji huu kwa muda: oili inalowesha mkanda wa taiming na kuuoza.

Oili ikipungua bila kuvuja, na moshi wa bluu unatoka nyuma, achana na pampu. Ni ringi za pistoni au sili za valvu.

Umepima, umeamua: kushusha pampu

Nitafuata 5A na 4A, kwa kuwa ndizo mtu mwenye vifaa vya kawaida anaweza kuzimudu. Kwenye NZ pampu imo ndani ya kava la cheni: unafungua tapeti kava, unashika injini na kutoa maunti ya upande wa kulia, unatoa puli, pampu ya maji, sensa ya krenki, ndipo kava litoke. Cheni ikiruka meno, valvu zinaweza kugonga pistoni. Kama hujawahi kuweka taiming ya cheni, hapa ndipo pa kumpa kazi fundi anayeijua NZ.

Tahadhari za chini ya gari hazina mjadala. Jeki inanyanyua tu. Gari likae juu ya stendi za chuma zinazolingana, kwenye sakafu ngumu, na matofali hayahesabiki kuwa stendi. Toa waya hasi wa betri. Mwaga oili ikiwa vuguvugu, isiwe ya kuunguza, na imwage kwenye beseni safi ili uweze kuitazama.

Itazame kweli. Chota kwenye kifuniko cheupe, ielekeze juani. Vumbi la kung'aa kama rangi ya fedha au vipande vya rangi ya shaba ni beringi. Ukiona hivyo, kazi yako imeongezeka kabla hata hujafungua bolti ya kwanza ya sampu.

Bolti ya puli ya krenki imekazwa sana, zaidi ya Nm 110. Kuna wanaoifungua kwa kuegemeza mkono wa spana kwenye chesisi na kupiga stata. Usifanye. Spana ikichomoka inavunja mkono au rejeta. Tumia kishikio cha puli, au spana ya umeme.

Weka alama za taiming silinda namba moja ikiwa juu kabisa, zipige picha, kisha toa makava, mkanda wa taiming na gia yake ya krenki. Mkanda ukiwa umelowa oili usiurudishe. Toa dipstiki pamoja na bomba lake, kwa sababu bomba hilo limefungwa kwenye pampu. Wengi hulisahau wakashangaa pampu haitoki. Shusha bomba la mbele la ekzosi, kisha bolti za sampu.

Sampu itakuwa imeshikwa na silikoni. Kata kwa bapa jembamba kuzunguka ukingo wote. Usichomeke bisibisi na kukongoa kwenye upande wa pampu. Aluminiamu inachimbika na utavuja milele. Straina inafuata, halafu bolti za pampu. Bolti hizo hazilingani urefu, kwa hiyo chora umbo la pampu kwenye kipande cha boksi na chomeka kila bolti kwenye nafasi yake. Pampu igongwe taratibu kwa nyundo ya plastiki mpaka iachie.

Ukaguzi: anza na straina

Kabla ya kugusa rotor, shika straina na uiweke kwenye mwanga. Mara nyingi jibu limekaa hapo: nyuzi za silikoni ya kijivu au ya bluu, laini kama tambi, zimejikunja kwenye wavu pamoja na tope jeusi. Zimetoka kwa mtu aliyefunga sampu safari iliyopita akaminya tyubu nzima. Ukikuta hivyo, huenda hutahitaji pampu nyingine. Osha kwa mafuta ya taa, puliza kwa kompresa kutoka ndani kwenda nje. Wavu ukiwa umetoboka, nunua straina nyingine.

Fungua kava la nyuma la pampu. Skrubu zake hukaza sana. Tumia bisibisi ya kugonga kwa nyundo, maana kichwa kikiharibika utalazimika kutoboa. Kabla ya kutoa rotor, tazama alama za kiwandani zimeelekea wapi. Kwa kawaida zinaelekea kwenye kava. Kama huzioni, weka zako kwa kalamu ya wino, usipige sentapanchi.

Pitisha ukucha juu ya rotor na juu ya uso wa kava. Mikwaruzo inayoonekana lakini haikamati ukucha, wengi wanaishi nayo. Ukucha ukikwama kwenye mfereji, pampu imekwisha, hata kama vipimo vingine ni vizuri.

Kisha fila geji (vibapa vyembamba vya kupimia nafasi). Vipimo ni vitatu: kati ya ncha za meno ya rotor mbili, kati ya rotor ya nje na mwili wa pampu, na kati ya uso wa rotor na rula iliyonyooka uliyoilaza juu ya mwili wa pampu. Viwango vinatofautiana kwa injini. Kwenye 4A na 5A kikomo cha ncha ni mm 0.35, cha mwili mm 0.20, na cha uso mm 0.10. Hicho cha uso ndicho mimi hukitazama kwanza. Oili ikipata njia ya kurudi juu ya rotor, sailensi ya moto ndiyo inaumia kabla ya kitu kingine.

Mwisho wa ukaguzi ni valvu ya kupunguza presha. Fungua kizibo chake taratibu, spring imo ndani imebanwa. Toa pistoni ndogo, ioshe, ipake oili safi, irudishe kwenye tundu lake na uinamishe pampu. Inatakiwa iteleze yenyewe mpaka mwisho na kugota tak, kwa uzito wake tu. Ikikwama katikati, tafuta chembe. Usiipige msasa. Ikiwa imekwaruzika, badilisha.

Rotor zikiwa zimepita kikomo, nunua pampu kamili. Kubadilisha rotor ndani ya mwili uliolika ni kupoteza hela. Pampu iliyotoka kwenye injini ya mtumba inafaa tu kama umeifungua na kuipima hivihivi. Usiifunge kwa imani.

Pampu ikipimwa ikawa nzuri, straina safi, valvu inateleza, na geji ilikuwa chini: usiirudishe halafu ukaomba Mungu. Sampu imeshashuka. Mwite fundi afungue kifuniko kimoja cha bigendi na kimoja cha meni, atazame beringi. Shaba ikionekana, injini inahitaji kushushwa.

Kurudisha

Futa mabaki yote ya gasketi na silikoni, ukiwa umeziba njia za oili kwa kitambaa kisichotoa nyuzi. Weka sili mpya ya krenki na upake mdomo wake grisi kidogo. Ukikuta oringi (pete ya raba) kwenye njia ya oili, weka mpya. Zile za zamani zimeshakuwa ngumu.

Pampu isifungwe kavu. Jaza nafasi za rotor kwa oili safi huku ukizizungusha kwa kidole, au paka Vaseline, ambayo huyeyuka joto likipanda. Usitumie grisi ndani ya rotor. Inaweza kwenda kuziba njia nyembamba.

Linganisha meno ya rotor ya ndani na yale ya krenki, kisha sukuma kwa mkono. Pampu ikigoma kukaa sawa na bloku, haijakaa. Ukiivuta kwa bolti utavunja rotor au mwili. Bolti za pampu za 5A hukazwa Nm 21, kwa awamu na kwa kupishana. Straina ipate gasketi mpya kila mara, hata kama ya zamani inaonekana nzuri. Tundu la sindano hapo linatosha pampu ivute hewa.

Silikoni ya sampu: mstari mmoja wa mm 3 hadi 4, upite upande wa ndani wa matundu ya bolti. Kinachominywa nje utakiona na kukifuta. Kinachominywa ndani hukioni, na ndicho kitakachokwenda kwenye straina. Bolti za sampu ni ndogo, Nm 5 tu. Kisha subiri muda ulioandikwa kwenye tyubu kabla ya kuweka oili.

Weka filta mpya ukiwa umeijaza oili kiasi kinachoweza kukaa, weka oili, rudisha mkanda kwa alama zake na uzungushe krenki kwa mkono mizunguko miwili kamili ukihakikisha alama zimerudi. Chomoa plagi zote, toa fyuzi ya EFI (mfumo wa kupuliza petroli), funga geji, na piga stata kwa sekunde kumi kumi, ukiipumzisha kila mara. Mshale wa geji lazima unyanyuke kabla hujarudisha plagi.

Imefungwa, taa haizimi

Ukiwasha na taa ikadumu zaidi ya sekunde tano, zima. Sababu kwa mpangilio: pampu haijashika oili kwa kuwa ilifungwa kavu, waya wa swichi haujarudishwa vizuri, gasketi ya straina ilisahaulika au imekaa upande, filta ina raba mbili, oringi ya njia ya oili imedondoka, valvu imerudishwa bila spring yake au imegeuzwa.

Kwa ile ya kwanza, fungua filta, miminia oili kwenye tundu linalotoka pampu, rudisha, rudia stata bila plagi. Ikishindikana mara mbili tatu, acha kuipigia stata. Sampu irudi chini, na kama huna uhakika na ulichofanya, mkabidhi fundi mwingine aangalie kwa macho mapya.

Presha ikikubali, acha injini ichemke hadi feni iingie, soma geji kwenye sailensi na kwenye mizunguko 3000, andika namba hizo kwa kalamu ya wino chini ya boneti pamoja na kilomita za siku hiyo. Zima, tazama kama kuna uvujaji, kisha pima dipstiki upya kwa sababu filta imekunywa oili. Baada ya kilomita 500 hadi 1000 mwaga oili hiyo, kata filta ya zamani kwa msumeno wa chuma upande wa chini, kunjua karatasi yake na itazame juani.